Birika Chini ya Kioo

Mdomo wa birika ulikuwa mfukoni mwa aproni ya Rael, na wageni wa maonyesho walikuwa wanaingia saa nne.

Alilivunja asubuhi akipangusa vumbi. Lingekuwa la jikoni, angefagia akanyamaza. Lakini hili ndilo watafiti walilolitumia kuifundisha kompyuta kuchora, miaka hamsini iliyopita, na lilikuja Doha kwa ndege likiwa na kiti chake, mkanda umefungwa. Rael alikuja amebanwa katikati ya watu wawili. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ujao, na kwa kosa hili angerudishwa Eldoret kabla ya wiki kwisha.

Douglas, askari wa mlangoni, alitazama vipande, kisha picha iliyokuwa ukutani.

"Dada, mbona mabirika kama haya yanauzwa mtaani Al Mansoura? Kwa yule Mhindi wa vyombo."

"Wacha mchezo, Douglas."

"Sichezi. Chukua teksi."

Saa nne kasoro, birika jeupe lilikaa chini ya kioo, kibandiko cha bei kimebanduliwa kwa ukucha. Maprofesa waliingia, wakalizunguka wakipiga picha. Mmoja alisifu mkunjo wa mdomo wake mpaka machozi yakamlenga. Douglas alikohoa na kugeukia ukuta.

Kisha akaja Dakta Valerie, Mkenya aliyelileta birika na kulifungua sandukuni peke yake, mlango umefungwa.

"Hili nalijua kuliko mume wangu," aliwaambia wageni, nao wakacheka. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akakaa hivyo muda mrefu. Rael aliushika ule mdomo mfukoni.

"Dada," Valerie alisema polepole, "hebu twende jikoni."

Huko alifunga mlango. Rael hakungoja kuulizwa. Aliuweka ule mdomo mezani, machozi yakaanza kumtoka.

"Ni mimi, Dakta. Douglas hana kosa lolote. Kama ni kurudishwa nyumbani, nirudi peke yangu."

Valerie aliuokota, akaugeuza chini ya taa, akavuta kiti na kuketi.

"Usilie, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Pale Al Mansoura bado wanayo? Maana Jumapili, nilipolinunua hili ulilolivunja, yalikuwa yamebaki mawili tu."