Seleri ya Kesho

"Nikatie seleri yenye vikonyo virefu," mjakazi Mirine aliniambia langoni mwa bustani yangu. "Ya kusuka shada. Ifunge kwa majani mabichi isinyauke hadi kesho."

Kisu changu kilikuwa tayari kwenye shina. Hapa Athene seleri ya supu hukatwa fupi. Ikisukwa shada, hupelekwa kaburini.

"Nani amefariki, dada?"

"Hakuna. Mpwa wa bwana ndiye aliyenituma. Wewe kata tu, maswali waachie mahakimu."

Bwana wake ni jirani yangu, mzee asiye na mtoto. Nilikuwa nikimsikia ng'ambo ya ukuta akimgombeza punda.

"Mbona anasikika mzima?"

"Mzima kabisa. Anangoja supu ya dengu. Leo mpwa kampikia mwenyewe."

"Yule asiyejua hata kuwasha jiko?"

Hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vikisokota ncha ya shuka yake. Sikutaka kumdhania mtu vibaya, nikamuuliza kama shada ni la kaburi la zamani. Akautazama ukuta.

Mtunza bustani kwetu huitwa kepuros. Ni neno la kale lililounganishwa kutoka mawili, bustani na mlinzi. Miaka yote nilidhani ulinzi wenyewe ni kufukuza mbuzi wa watu.

Ng'ambo ya ukuta mzee aliacha kumgombeza punda. Kijiko kiligonga bakuli.

Niliangusha kisu kwenye seleri na kuukwea ukuta.

"Mzee," niliita, "usionje kwanza. Mwite mpwa wako aanze yeye."