Harufu ya Sigara Ofisini

Amolo alikuwa amepekuliwa mara tatu, na bado ofisi ilinuka sigara.

Mezani palikuwa na mali yake yote ya mifukoni: vizibo vinne vya soda, ndoana, nusu mandazi na mjusi aliyekauka. Hapakuwa na sigara wala kiberiti.

"Nilisema nimeacha, Mwalimu! Tangu Aprili sijagusa. Dani, mwambie!" Amolo alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu aingie hakuwa amekaa kitini dakika nzima.

Nyanya yake, Dorca, ambaye Amolo alimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, na aliyeitwa na shule kutoka Sondu, aliitikia kwa kichwa bila kufungua kinywa. Mwalimu mkuu Wepukhulu alimhurumia. Aliona kwamba aibu imemfunga mdomo mama wa watu. Hata mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu chini ya kiti, sawasawa na wa mjukuu.

"Mama, mimi hufuata hesabu," Wepukhulu alisema. "Tangu mwaka 1965 nimekamata wavuta sigara kumi na mmoja. Tisa kati yao ni vijana wasioweza kutulia. Kijana wa aina hiyo akionja kitu, hakiachi."

"Mm," Dorca alijibu, akashusha pumzi ndefu puani.

"Amolo, pumua hapa."

Amolo akampumulia usoni. Kitunguu kitupu.

"Umekula kitunguu ili ufiche!"

"Nimekula kwa njaa, Mwalimu!"

Wepukhulu akavuta karatasi. Barua ya kumfukuza mtu shule ilihitaji mistari minne tu. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki tatu, na aliyefukuzwa hakuufanya.

"Kabla sijatia sahihi, Mama, una la kusema?"

Dorca akasimama, akainama mezani, akaunganisha viganja kumwombea mjukuu. Macho yalimlowa. Neno halikutoka.

"Dani, sema basi!" Amolo aliruka, kiwiko kikapiga kidau, na wino wote ukamwagikia nyanya kifuani.

"Uwi! Leso yangu mpya!"

Na kutoka kinywani mwa Dorca kikadondoka juu ya barua, mahali pa sahihi hasa, kipande cha sigara, kikiwaka upande ule uliokuwa ndani, kama wavutavyo vikongwe wa kwao.