Tisa kwa Kumi

Afisa wa bima alipofika, Bi Namsifu alimpeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba, akamwonyesha visiki vitatu vya miparachichi, bado vibichi.

"Barua yenu ilisema nyumba hii ina alama tisa kwa kumi za hatari ya moto wa msitu, ndiyo maana hamtaki tena kuiwekea bima. Basi nimekata miti yote, baba. Chini ya kila mmoja nilizika kitovu cha mwanangu mmoja. Huu wa kati ulikuwa wa mwanangu marehemu."

Afisa alitazama simu yake, kisha mlima uliojaa mikaratusi mikavu.

"Pole, mama. Alama hazihesabu miti ya uani. Zinatokana na ule mlima, na upepo unaoshuka huko."

"Kwa hiyo sasa ni ngapi?"

"Tisa."

Afisa alipoondoka, Bi Namsifu alichukua ufagio, akaanza kufagia majani yaliyoletwa na upepo kutoka mlimani. Alisafisha kisiki cha kwanza, kisha cha kati. Alipofika cha tatu na kugeuka, cha marehemu kilikuwa kimefunikwa tena.