Kazi ya Nne

Kila nyumba ilikuwa na ubao wake unaosema ukutani, na kila mtu mzima aliruhusiwa kazi tatu tu kwa siku. Ukithubutu kufanya ya nne, umeme unakatwa hadi asubuhi. Watu walilala vizuri siku hizi, presha zilishuka, na Tunu, fundi cherehani wa Ngamiani, hakuwa tena yule mwanamke wa kupanga kazi ishirini kisha akazimaliza nne kwa kulia.

Ila tangu Ramadhani, kumsuka mama yake kulikuwa kazi ya nne, ile isiyopata nafasi.

Leo alisimama mbele ya ubao, akafuta kazi ya kushona gauni la bi harusi, akaandika: kupika, kufua, kumsuka mama.

"Mteja atakasirika," ubao ukaonya.

"Na akasirike! Harusi ni wiki ijayo. Gauni nitalishona kesho."

Akapika, akafua, kisha akaketi kwenye kigoda, mama yake mkekani mbele ya magoti yake. Akazigawa mvi kwa kitana, akapaka mafuta ya nazi, akasuka mistari minane bila haraka, wakicheka mpaka machozi. Alipofunga msuko wa mwisho, ubao ukapiga vigelegele, majirani wakaitikia kwa makofi. Tunu akainua mikono juu kama aliyefunga bao la fainali.

"Umekuwa bi harusi, mama!"

Mama akajipapasa kichwa, akatabasamu.

"Na kesho, mwanangu, nimo?"

Tunu akageukia ubao. Kesho ilikuwa imeshajaa.