Plastiki ya Kumfinyangia Mbaraka

Siku hizi sheria hairuhusu mjane kula peke yake, kwa hiyo nilikwenda kiwandani kuchagua plastiki ya kumfinyangia marehemu mume wangu, Mbaraka. Unga wa plastiki hiyo huzungushwa ndani ya kalibu ya moto mpaka mtu atoke, ndani mtupu kama mtungi.

"Atakaa juani, Bi Mwanakombo?" fundi aliniuliza.

"Atakaa mezani."

"Basi chukua ngumu. Laini hubaki na alama ukimshika."

"Nataka hiyo hiyo laini!"

Jioni, alipokwisha kufinyangwa na kuletwa nyumbani, nilimkaribisha wali, nikamkumbatia mpaka chakula kikapoa. Nilipomwachia, alama za vidole vyangu vyote zilikuwa mgongoni mwake. Nikateremsha kanga, nikajitazama mgongo kwenye kioo. Haukuwa na alama hata moja.