Kipimo cha Ziwa

Daraja lilikuwa limebaki kamba mbili na mbao tatu. Mpima maji alitangulia, kisha akageuka kumtazama dada wa mkewe akivuka hatua kwa hatua.

"Usiangalie chini, Mwalimu."

"Naangalia viatu vyako, shemeji. Hiyo soli itakuaga muda si mrefu."

Njia ile haikufyekwa kwa miaka saba, tangu kituo cha ziwani kilipofungwa. Miiba ilikuwa imeiziba, maporomoko yameikata vipande vipande. Mwenzake wa kazini alikuwa ameteguka mguu, na mtu pekee mwingine aliyeijua njia ni huyu shemeji, mwalimu mkuu, aliyewahi kupandisha wanafunzi huko. Mpima maji alilala kwenye kibanda cha zana mwanzo wa njia ili waanze mapema. Mwalimu alimfikia akiwa amechelewa saa nzima, sauti imemkauka. "Samahani," alisema tu. "Nilikuwa na shughuli huko chini."

Ziwa lilizuiwa na ukuta wa mawe na udongo uliomeguka mlimani zamani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu mfululizo. Maji yakipita mstari mwekundu kwenye nguzo ya kipimo, ukuta usingehimili, na chini yake bondeni kulikuwa na mtaa wa nyumba mia mbili. Bosi hakutaka kusikia. "Sihamishi watu kwa wasiwasi wako," alisema. "Niletee kipimo."

Ndiyo maana alimwacha mkewe na mapacha wa wiki mbili mtaani humo, katika nyumba iliyopakana na mto. "Vumilia hadi kesho jioni," alimwambia.

Kwenye mteremko wa kokoto mguu ulimponyoka. Aliserereka kwa makalio hadi karibu na ukingo, na Mwalimu akamdaka kwa mkanda wa begi. Walikaa hapo wakihema, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

"Na ukikuta maji yako chini ya mstari?" Mwalimu aliuliza.

"Nitashukuru Mungu."

"Nauliza hivi: kama mtu angekuwa ameshahamisha watu, halafu ikaonekana ni bure?"

"Kazi hana. Na polisi angepelekwa."

"Polisi kabisa?"

"Kwa kuzusha hofu? Kabisa."

Mwalimu alijifuta vumbi, akasimama, akashika njia mbele.

Saa saba mchana walisikia mngurumo mzito ng'ambo ya mlima, mrefu kuliko radi yoyote. Simu zilikuwa zimepoteza mtandao tangu darajani. Mpima maji alitazama mawingu meupe juu yao. "Inaanza tena," alisema. "Tukaze mwendo."

Mita za mwisho walizipanda kwa mikono. Kucha zilimchanika na hakuhisi. Alikuwa ameshatoa daftari na penseli alipofika juu ya mwamba wa mwisho, akanyoosha shingo kuitafuta nguzo.

Nguzo ilikuwepo, imesimama wima katikati ya tope. Samaki walikuwa bado wanarukaruka kuizunguka. Mahali pa ukuta palikuwa na pengo lililoweza kupitisha nyumba tano sambamba.

Daftari lilimtoka mkononi, likabingirika miambani, hakulifuata.

"Nilimwambia avumilie," alisema. "Kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mwalimu alichuchumaa kando yake.

"Mkeo yuko kilimani, shemeji. Na mapacha, na mtaa wote. Nimewatoa alfajiri, nyumba kwa nyumba. Niliwaambia umeshapima."