Kukaza na Kulegeza

"Kaka, kati ya breki za dramu na za diski, zipi zinamsaliti mtu mapema?"

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari la mteja, na swali hilo lilimfanya ajigonge kichwa. Akajivuta nje. Dada yake mdogo alikuwa amesimama mlangoni pa gereji, macho makavu. Juzi alikuwa akilia mpaka kwikwi. Leo halii, na fundi aliona heri ya juzi.

Kisa chenyewe mtaa mzima ulikijua. Mumewe alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi anaondoka, harudi, na asitafutwe. Miaka minane ya ndoa aliivunja mezani, huku akichokonoa meno. Mkewe, aliyejijua kuwa ndiye wa pekee, alipouliza amekosa nini, akaambiwa amechakaa. Na anayesema hivyo ni bwana aliyezoea kupotea wiki nzima kwa kile alichokiita safari za kikazi, kisha akarudi amepigwa pasi vizuri kuliko alivyoondoka.

Fundi alimchukia shemeji yake waziwazi, wala hakuona haya. Kila alipoliona gari lake likipita, alimwombea pancha. Basi alijibu, tena kwa raha zote, maana ukimgusa kwenye breki umemfungulia bomba.

"Diski iko wazi. Pedi mbili zinaibana sahani ya chuma, upepo unapita, inapoa upesi. Kwenye mteremko mrefu, hiyo ndiyo ya kuitegemea. Dramu imefunikwa kama sufuria. Ndani mna shuu mbili, zinatanuka na kusukuma ukuta wa sufuria. Ikipata moto sana inachoka. Na maovu yake yote yamo ndani, hayaonekani."

"Kama mwenyewe," alisema dada. "Gari lake lina zipi?"

"Mbele diski, nyuma dramu. Mengi yako hivyo."

"Na mtu asiye fundi anaweza kuzigusa zipi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angekumbuka kwamba chai yake inapoa, akaenda zake. Fundi hakukumbuka. Alimtazama dada yake usoni, akaielewa ile hasira, akaipenda.

"Diski hutaiweza, inajirekebisha yenyewe. Lakini dramu za gari la zamani kama lile zinarekebishwa kwa mkono. Nyuma ya gurudumu kuna kitundu kimezibwa kwa mpira. Ndani yake utaona kigurudumu cha meno. Bisibisi tu inatosha. Ukizungusha kwenda juu unakaza, ukizungusha kwenda chini unalegeza."

"Tunashukuru, kaka."

Fundi alidhani anajisemea yeye na wanawe. Alipokuja kukusanya vifaa jioni, bisibisi bapa haikuwepo.

Kwanza alicheka. Barabara ya kutoka kwa dada yake inateremka moja kwa moja hadi darajani, na pale chini pana kona mbaya. Akilini alimwona shemeji akikanyaga pedali inayozama, yale meno aliyokuwa akiyachokonoa yakigonga usukani. Dawa ya moto ni moto. Alikula chakula chake akashiba vizuri, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu dada yake aachwe.

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa akivaa ovaroli alipowaza neno moja dogo: jela. Shemeji angezikwa, watu wangelia kidogo na kusahau. Lakini dada yake angefungiwa maisha, na wale watoto wangekuja kumuuliza yeye, mjomba wao, mama yuko wapi. Nani aliyemfundisha? Alitoka mbio na kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Alimlaani shemeji njia nzima, kwa sababu hata kufa hakujua kufa bila kuwaharibia wengine.

Alipofika getini alisikia injini ikiunguruma. Gari lilikuwa uani, limesheheni masanduku hadi darini, na shemeji ameshika usukani. Dada mtu ameketi kwenye ngazi ya mlango, anamsuka binti yake nywele, ametulia kabisa.

Fundi alijitupa mbele ya gari. "Shuka! Shuka, usiliondoe!"

"Niliondoe vipi?" shemeji alifoka, jasho linamtiririka. "Tangu kupambazuke nalikanyagia mafuta na halisogei! Breki ya mkono nimeishusha, gia nimetia, likijaribu tu linazimika! Wewe si ndiye fundi? Litazame basi!"

Akakanyaga tena. Gari likatetemeka, likazimika palepale. Fundi aliinama nyuma, akaona kile kizibo cha mpira kimetupwa mchangani. Alikwenda kwenye ngazi, akanong'ona.

"Ulikaza?"

"Nilikaza. Magurudumu yote mawili ya nyuma, mpaka bisibisi ikapinda."

"Mimi nilidhani umelegeza. Nilidhani unataka afe."

"Afe?" Dada aligawa nywele za mtoto kwa kitana, akaanza mstari mwingine. "Maiti haijibu maswali, kaka."

Teksi mbili zilisimama getini, moja nyuma ya nyingine. Wakateremka wanawake watatu wasiojulikana mtaani hapo, na watoto wa kila kimo. Shemeji aliwatazama kwenye kioo, akapandisha vioo vya madirisha, akafunga milango kwa ndani.

Yule aliyetangulia alimpita fundi bila hata kumwona, akamwinamia dada yake pale kwenye ngazi, akamshika mkono.

"Mke mwenzangu," alisema, "hajatutoroka?"